Anayekimbilia Ugali Hupumzika, Anayekimbia kwa Mapenzi Je?

Mwaka 2022 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni mbili tu. Mwezi Machi alishinda Tokyo, akarudi Kenya, na hakusimama tena kwenye mstari wa marathoni hadi Septemba alipokwenda Berlin kuivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mwaka 2018 ulikuwa hivyohivyo: London mwezi Aprili, Berlin mwezi Septemba. Alphonce Simbu wa Tanzania naye, katika mwaka uliomfanya bingwa wa dunia, alishika nafasi ya pili Boston mwezi Aprili 2025, kisha akajitayarisha hadi Septemba 15 mjini Tokyo, siku aliyolipa taifa lake dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Alimaliza kwa muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hadi picha ya mstarini ikaamua.

Hawa ni watu wanaokula kwa miguu yao. Kila mashindano wanayoyaacha ni fedha wanayoiacha, na bado wanayaacha.

Sasa tazama kalenda ya mkimbiaji wa kawaida wa Dar es Salaam, mtu mwenye ajira yake, watoto wake na foleni yake ya kila jioni. Mwaka unafunguliwa Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon iliyoanza mwaka 2003. Kabla jasho la kilima cha Mweka halijamkauka, wenzake wameshamlipia Ngorongoro Marathon kule Karatu. Kuna Tulia Marathon ya Mbeya, kuna NBC Dodoma Marathon, kuna CRDB Bank Marathon hapohapo mjini, kuna Rock City Marathon ya Mwanza. Katikati yake kuna mbio za kuchangia hospitali, mbio za kuchangia madawati, mbio za mkoa fulani na za taasisi fulani. Ni kweli wengi hukimbia kilomita 21 au 10, si 42. Lakini mtu huyu hana mtu wa kumkanda misuli, hana usingizi wa mchana, na Jumatatu asubuhi anatakiwa kazini kama kawaida.

Halafu inafika siku kengele ya simu inalia saa 11 alfajiri, naye anaitazama kama mtu anayedaiwa. Raba ziko mlangoni, fulana imekunjwa kitini, miguu haina maumivu yoyote. Hataki tu. Anashtuka kwa sababu kitu anachokikataa ndicho alichokuwa akikisubiri wiki nzima.

Makala haya ni ya mtu huyo. Nayaandika nikiwa miongoni mwa wanaokimbia, na nimeona wakimbiaji wazuri wakiipoteza furaha ya kukimbia moja kwa moja kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kupumzika ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Ili kuelewa kinachopotea, yafaa kukumbuka tulikoanzia. Kwa Watanzania wengi mbio za kwanza maishani hazikuwa na saa wala medali. Zilikuwa mchakamchaka wa shule, alfajiri, umande ukilowesha miguu, kiranja mbele akianzisha wimbo na shule nzima ikiitikia. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa waliupata tena kwa ukali zaidi. Ndani ya mchakamchaka huwezi kukimbia haraka kuliko wimbo, na huwezi kubaki nyuma maana wimbo unakuvuta. Ni mbio ambazo mshindi wake ni kundi.

Vikundi vya jogging vya mijini vimerithi jambo hilo. Jumamosi au Jumapili, kabla jua halijachomoza, utavikuta Temeke, Kinondoni, Ilala, Mbagala na Unguja mjini, watu wamevaa fulana za rangi moja, mwimbishaji akiwa katikati ya barabara, pikipiki moja ikitangulia kuzuia magari. Kikundi kimoja hukitembelea kingine kama wageni wa heshima. Wakimaliza hunyoosha viungo pamoja, kisha ni supu na chapati, na katika supu hiyo ndipo mambo makubwa hupangwa: nani amefiwa, nani amejifungua, nani amelazwa na atachangiwa kiasi gani. Mama wa miaka 60 hukimbia ubavuni mwa kijana wa bodaboda na kumwita mwanangu. Wengine huchagua Daraja la Tanzanite au ufukwe wa Coco, Nairobi watu huingia msitu wa Karura, Mombasa hushika njia ya Mama Ngina, na kila mahali nilipowaona nyuso zao zilikuwa na mwanga uleule.

Kwa hiyo hatuzungumzii mazoezi peke yake. Mtu aliyechoka na mbio zake anahisi ameanza kuchoka na watu wake, na hilo ndilo linalomfanya aone aibu.

Uchovu huu haushuki ghafla. Kwanza mtu hununua saa inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Kisha anaingia kwenye programu kama Strava, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambamo kila mbio inaandikwa, inapimwa na kuonyeshwa kwa wengine ili waipongeze. Kwenye gumzo la simu la kikundi huwekwa jedwali la kilomita za wiki: fulani 62, fulani 48, na chini kabisa jina lako lenye sifuri. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, maana jedwali liliwekwa ili kuhamasishana. Lakini baada ya muda mtu anaanza kukimbia ili jedwali lisimseme. Akikimbia na kusahau kuiwasha saa, anaona kama hakukimbia.

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Kundi la pili walipewa cheti hicho bila kuahidiwa, na la tatu hawakupewa chochote. Baada ya siku kadhaa kalamu ziliwekwa tena mezani, safari hii bila zawadi. Watoto walioahidiwa cheti walichora kwa takribani nusu ya muda waliotumia wenzao. Hakuna aliyewakataza wala kuwakemea. Walikuwa wamepewa sababu mpya ya kuchora, na sababu hiyo ilipoondoka iliondoka pamoja na ile ya zamani.

Sisemi medali ni mbaya. Nimeona mzee akilala na medali yake ya Moshi shingoni kwenye basi la kurudi Dar, na sitamnyima raha hiyo mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba mkimbiaji anayeijaza misumari ya ukuta wake kwa medali ajiulize mara mojamoja kama angeamka alfajiri ile iwapo hakuna ambaye angejua.

Mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, alichapisha mwaka 1974 makala yaliyoeleza uchovu wa namna hii kitaalamu. Leo tunauhusisha na ofisi, na Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linasema dhana hiyo itumike kwa mambo ya kazi tu. Lakini watu aliowatazama Freudenberger walikuwa kwenye kliniki ya bure ya vijana, na wengi wao walikuwa wa kujitolea waliofika jioni baada ya kazi zao za mchana. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Walikuja kwa mapenzi, walitoa bila kupimiwa, na waliungua kwa sababu hapakuwa na mkataba wa kuwaambia basi, saa zimekwisha. Mwajiriwa ana likizo ya mwaka kisheria. Anayefanya jambo kwa mapenzi hana ofisi ya kuombea likizo.

Mwili nao huzungumza mapema kuliko tunavyousikiliza. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla hujatoka kitandani, yanapanda kwa siku kadhaa mfululizo bila sababu. Usingizi unakuwa wa mang'amung'amu ingawa mtu amechoka. Mafua hayaishi. Kilomita tano za kawaida zinaonekana ndefu, na mkimbiaji anajibu kwa kuongeza mazoezi badala ya kupunguza, kwa kuamini kwamba amelegea. Nyumbani anakuwa mkali kwa mambo madogo. Kwa wanawake, hedhi inayokatika katikati ya msimu wa mazoezi makali mara nyingi ni taarifa kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayopewa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tamko jambo hili mwaka 2014, na haifai kulichukulia kama dalili ya ukakamavu.

Mwaka 2013 vyama vya kitaalamu vya sayansi ya michezo vya Ulaya na Marekani vilitoa tamko la pamoja linalotenganisha hali tatu. Kuna uchovu unaokwisha kwa siku chache na kumwacha mkimbiaji imara zaidi, nao ndio kila mazoezi mazuri yanautafuta. Kuna unaohitaji wiki kadhaa hadi miezi na hauleti faida yoyote. Na kuna ule uliokomaa, unaogusa homoni, usingizi na hisia, ambao kupona kwake ni kwa miezi mingi. Anayepumzika mapema hupumzika kidogo. Anayebisha hulipa muda mrefu zaidi, tena bila kuchagua lini.

Lakini kabla ya kusema ni mbio, pima. Hapa kwetu mtu anayechoka bila sababu anaweza kuwa na malaria, upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu au ujauzito wa wiki za mwanzo. Anaweza pia kuwa na sonona, ambayo huondoa ladha ya kila kitu, si ya mbio peke yake. Tofauti hiyo ni ya kuangaliwa kwa makini: ikiwa mtu amechoka na mbio lakini bado anacheka na watoto, anafurahia chakula na ana hamu ya mambo mengine, huenda mbio ndizo zimemchosha. Ikiwa hakuna kinachomvutia tena, aende kwa daktari na aseme hivyo waziwazi, maana kupumzika mbio pekee hakutamsaidia.

Turudi kwa wanaokimbilia ugali. Iten, mji wa Kenya ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, una lango linalotangaza kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa, na anayefika hapo alfajiri huona makundi ya wakimbiaji kwenye barabara za udongo mwekundu. Wasichokiona wageni ni ile miezi ya nyumbani. Baada ya msimu, au baada ya marathoni kubwa, wakimbiaji wengi wa Bonde la Ufa huacha mbio kabisa kwa wiki kadhaa. Hawapunguzi tu. Wanarudi kwenye mashamba yao ya mahindi na chai, wanakagua ng'ombe, wanasimamia ujenzi, wanahudhuria harusi walizozikosa. Wanaongezeka uzito na hakuna anayewacheka. Wakirudi, siku za mwanzo wanakimbia pole kiasi kwamba mgeni anaweza kwenda nao.

Wala si wote wanaopumzika hivyo. Kelvin Kiptum, aliyekimbia Chicago mwezi Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35 na kuiondoa rekodi ya Kipchoge, alikuwa na mazoezi ya kutisha. Kocha wake, Mnyarwanda Gervais Hakizimana, aliwaeleza waandishi wa habari mwaka huohuo kwamba kijana huyo alikimbia kati ya kilomita 250 na 280 kwa wiki, bila siku maalumu ya mapumziko, na kwamba alikuwa amemshauri apunguze kwa sababu kwa mwendo ule angekwisha ndani ya miaka mitano. Februari 11, 2024 ajali ya gari karibu na Kaptagat iliwachukua wote wawili, Kiptum akiwa na umri wa miaka 24. Kila ninapofikiria habari hiyo ya huzuni, huwa nakumbuka pia kwamba hata katika kambi iliyokuwa inaandika historia, palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema, punguza.

Mkimbiaji wa mapenzi hana mtu huyo. Kocha wake ni yeye mwenyewe pamoja na sauti hamsini kwenye simu zinazosema twende. Akikosa Jumamosi mbili, anaulizwa kwa upendo kabisa: "Kaka, mbona umepotea?" Swali hilo limejaa nia njema, na limewarudisha barabarani watu waliostahili kulala.

Hofu mbili humzuia mtu kupumzika. Ya kwanza ni kwamba atapoteza kila alichokijenga. Hapa tuna jibu la kupimwa. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watu saba waliozoea mazoezi makali ya ustahimilivu, ambao waliyaacha kwa siku 84. Katika siku 21 za mwanzo, uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7. Kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16, na hapo ukatulia. Mishipa midogo ya damu iliyochipua ndani ya misuli kwa miaka ya mazoezi haikupungua, na bado ilizidi kwa asilimia 50 ile ya watu wasiofanya mazoezi. Maana yake ni kwamba wiki tatu za kulala zinakugharimu kidogo, na hata miezi mitatu haikurudishi ulikoanzia. Mtu anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 55 hapaswi kukosa usingizi kwa asilimia 7. Na yule aliyekwisha kuungua ameshapoteza zaidi ya hapo akiwa bado anakimbia, ndiyo maana kilomita tano zimemshinda.

Hofu ya pili ni kubwa zaidi na haina jedwali. Nikiacha kukimbia, nitakuwa nani? Katika mtaa wake anajulikana kwa mbio. Dada wa dukani humuuliza wikiendi hii mnakwenda wapi. Fulana zote kabatini zina jina la kikundi. Anaogopa kwamba supu itaendelea bila yeye, na kwamba akirudi atakuta mzaha asioujua chanzo chake.

Lakini jamii ya pwani tayari inajua namna ya kupumzika bila aibu, na inafanya hivyo kila mwaka. Siku za mwisho za Shaabani vikundi vingi vya jogging huandaa bonanza la kuvunja jungu: watu hukimbia, huimba, hucheza, hula hadi mchana. Kisha mwezi unaandama, na Ramadhani inabadilisha kila kitu. Wengine huacha mbio kabisa, wengine hutembea kidogo karibu na magharibi, wasiofunga hupunguza kwa kuwa wenzao hawapo. Hakuna anayeulizwa kwa nini amepotea. Hakuna anayeandikiwa sifuri. Kila mtu anajua mapumziko yalianza lini na yataisha lini, na baada ya Idi barabara zinajaa tena watu wenye hamu mpya, wengine wamenenepa kidogo kwa futari, wakilalamika pumzi na kucheka.

Nimeitazama hali hiyo mwaka baada ya mwaka na naamini siri yake iko kwenye mambo matatu yanayokwenda pamoja: mapumziko yana tarehe, yanajulikana na wote, na watu hawaachani. Mkimbiaji aliyechoka mara nyingi hufanya kinyume cha yote. Anaacha kimyakimya, hasemi ni hadi lini, na kwa aibu anajitoa hata kwenye gumzo la simu la kikundi. Hayo siyo mapumziko, ni kutoroka, na aliyetoroka hurudi kwa shida.

Kwa hiyo ukiona umefika huko, mwambie kiongozi wako wa kikundi kwa mdomo, ana kwa ana. Useme umechoka, unapumzika, na utarudi mwezi fulani. Wengi hushangaa jinsi mwenyekiti anavyopokea, kwa sababu mara nyingi naye amechoka. Wiki sita ni muda ninaouona wa busara kwa aliyekinai lakini mwili wake bado mzima. Kwa aliyekwisha kuzidiwa, daktari ndiye aseme. Mashindano uliyokwisha kulipia katika muda huo, mpe namba yako mwenzio ikiwa waandaaji wanaruhusu, au yaache yaende. Fedha iliyolipwa imeshalipwa, na miguu haina deni nayo.

Saa iweke kabatini, chaji iishe. Programu ya kuhesabu kilomita iondoe kwenye simu, kwa sababu itaendelea kukuonyesha wenzako hata ukiwa umelala. Mchango wa kikundi endelea kutoa. Msibani nenda, harusini nenda. Supu ya Jumapili usiiache hata kidogo: fika saa 2 asubuhi ukiwa umeoga, kaa na watu wako, kula. Siku ya mashindano ya mjini kwenu simama kwenye meza ya maji uwape wanaokimbia vikombe. Anayesimama hapo huona nyuso ambazo miaka yote alizipita mgongoni, na huona pia wangapi wanakimbia wakiwa wamekunja uso.

Alfajiri zitakazobaki wazi zitakusumbua mwanzoni. Mwili uliozoea kuamka saa 11 utaamka. Usijaze nafasi hiyo haraka na mradi mwingine wenye malengo na hesabu. Nimeona watu wakiacha mbio na kuhamia baiskeli kwa ukali uleule, na baada ya muda mfupi wako palepale. Tembea ukanunue maandazi. Kaa na mzazi wako kama uko naye. Kuogelea kwa kujiburudisha hakudhuru, wala mpira wa watoto uwanjani, mradi pasiwe na kitu cha kuandika mwishoni.

Hamu hairudi kwa tarehe, lakini hurudi kwa dalili. Utajikuta unasimama kutazama kikundi kinachopita na kuitikia wimbo wao ukiwa kwenye kituo cha daladala. Hiyo ni dalili nzuri, na bado subiri tarehe yako ifike. Siku ya kwanza barabarani iwe fupi kuliko unavyotaka. Rudi nyumbani ukiwa na njaa ya kuendelea. Wiki mbili za mwanzo kimbia bila saa, kwa mwendo unaokuruhusu kuimba, na kama kikundi chenu bado kina mwimbishaji, kaa karibu naye. Mashindano yasubiri hadi uwe umepita mwezi mzima bila kuhesabu chochote.

Yupo pia ambaye tarehe itafika na hamu haipo. Aongeze muda. Ikiwa haipo tena na tena, huenda mbio zilikuwa za kipindi fulani cha maisha yake: labda kipindi cha kufiwa, cha talaka, cha kupunguza presha, na kazi hiyo zimeifanya. Mtu huyo hana sababu ya kuona aibu. Anaweza kubaki kwenye kikundi kama mweka hazina, mpiga picha au mshika bendera, na vikundi vyenye watu wa namna hiyo ndivyo vinavyodumu, maana vina kumbukumbu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, aliacha kushindana zamani, lakini miaka yake mingi katika uongozi wa Kamati ya Olimpiki Tanzania imewafaa wakimbiaji ambao hawakuzaliwa alipokuwa anakimbia.

Lililobaki ni la viongozi wa vikundi, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu mzigo huu umebebeshwa mtu mmojammoja wakati ni wa wote. Jedwali la kilomita likiwepo, liwe na safu ya waliopumzika, yenye majina yaliyoandikwa kwa heshima sawa na ya waliokimbia. Anayetangaza mapumziko apigiwe makofi kama anavyopigiwa aliyemaliza Moshi. Mtu asiulizwe kwa nini amepotea; aulizwe anaendeleaje. Kikundi kisilipe mashindano mawili ndani ya mwezi mmoja kwa niaba ya wanachama wote, maana anayekataa huonekana msaliti. Na mbali na Ramadhani, kikundi kifunge rasmi wiki kadhaa kila mwaka, Desemba kwa mfano, wakati wengi wanasafiri mikoani, milango yote ifungwe na wimbo unyamaze kwa makubaliano.

Ratiba za mwakani huanza kupangwa mapema, kwenye meza ya supu, mwenyekiti akiwa na daftari na kila mtu akitaja mashindano anayoyataka. Wiki za kufunga ziandikwe kwanza kwenye daftari hilo, Moshi ifuate, kisha mengine yapewe nafasi itakayobaki.